Mzee Bado na Tawi la Kiwanda cha Chupa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa mama muuza vitambaa na baba dereva wa lori. Alitanguliza miguu, na mkunga akamzaba kibao ili alie. Mama yetu husema hakulia. Alimrudishia mkunga teke. Jina alilopewa siku hiyo limeandikwa kwenye jeneza. Hapa tutatumia lile alilopewa na waombaji wa vibali, kwa kuwa ndilo alilolitolea jasho: Mzee Bado.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1985, akiwa na alama za juu za fizikia na kovu juu ya jicho, vyote kutoka kwa mwalimu mmoja. Chuoni alisomea uhandisi wa mabomba, akahitimu mwaka 1990. Huko alipigana mara moja tu, na mwenzake wa chumbani, wakigombania nani aliyeacha jiko la gesi wazi. Ngumi alishinda. Kosa lilikuwa lake.

Mwaka 1991 aliajiriwa na mamlaka ya gesi asilia kuchunguza maombi ya wateja waliotaka kubadilisha maungio yao kwenye bomba kuu: kuongeza tawi la bomba, kuhamisha valvu ya kufungia gesi, kubadilisha mita. Mwombaji huleta mchoro, tawi hupimwa kwa shinikizo, na lisipovuja, mkaguzi hutia sahihi. Kabla ya sahihi hiyo haruhusiwi mtu kugusa hata nati moja. Ni kazi ya kuchosha, na sifa zake zote ziko katika yale yasiyotokea.

Tarehe 3 Septemba 1998 yalitokea. Fundi wa kiwanda cha mikate alipiga simu asubuhi: "Mkuu, tunaongeza katawi kadogo tu, ka tanuri jipya. Mchoro nitauleta kesho."

Marehemu, chai ikiwa mdomoni, akajibu, "Haya."

Kwake neno hilo lilimaanisha nimekusikia, weka simu. Kwa fundi lilimaanisha anza. Adhuhuri alitoboa bomba lililojaa gesi. Ukuta wa mbele ulihamia barabarani, paa likaenda kwa jirani, na fundi pamoja na waokaji wawili walizikwa katika majeneza yasiyofunguliwa. Kamati ya uchunguzi ilieleza kwamba "haya" si kibali kwa mujibu wa kanuni, ikamsafisha marehemu. Kaka wa fundi hakuwa mjumbe wa kamati. Alikuja ofisini, akauliza kwa upole, "Ulimwambia nini mdogo wangu?"

"Nilimwambia haya."

"Basi wewe ndiye huna haya," akasema, akamng'oa meno mawili kwa ngumi moja.

Marehemu aliwakataza walinzi wasimguse mtu yule, na pengo lile hakuliziba kamwe. Tangu hapo kila aliyeuliza kama kibali kimetoka alijibiwa bado, mpaka tawi lipimwe mbele ya macho yake.

Mke wake alimpata hospitalini, akiwa muuguzi wa zamu, siku ambayo mwenye duka la dobi alimtupia marehemu pasi.

"Nani kakupasua hivi?"

"Mwombaji."

"Mwombaji wa nini, kaka? Ulimnyima sadaka?"

"Nilimnyima kibali."

"Tulia basi. Ukijitikisa, na mimi nakunyima ganzi."

Walifunga ndoa tarehe 19 Februari 2000, wakajaliwa mabinti wawili. Nyumbani hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Binti mkubwa alipoleta mchumba aliambiwa bado; kijana akachunguzwa karibu mwaka mzima, akaonekana havuji.

Kwa desturi ya wasifu, hapa huja aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Mwaka jana kiwanda cha chupa kiliomba kuunga tawi jipya kwenye bomba linalopita nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Tawi lilipimwa mara mbili, na mara mbili likavuja. Akakataa. Wakamvunjia madirisha, akakataa. Wakamchomea gari, akaanza kwenda kazini kwa miguu, jambo ambalo daktari alikuwa amemshauri kwa miaka bila mafanikio.

Jumapili iliyopita, mchana, kiwanda kiliunga tawi lile bila kibali. Mkazi mmoja wa nyumba zile alisikia harufu ya gesi, akampigia simu. Marehemu aliamuru wakazi wazime majiko na watoke nje, akachukua ufunguo wa valvu, akaenda kulifunga tawi. Aliwakuta walinzi watatu wenye nondo.

"Mzee, rudi nyumbani. Bosi kasema kibali kimetoka."

"Kimetoka wapi? Mimi ndiye mama yake, na mimba ninayo bado."

Mlinzi mmoja alicheka. Huyo huyo ndiye aliyepiga kwanza, marehemu alipotia ufunguo kwenye valvu. Walimvunja mkono wa kulia, akazungusha kwa wa kushoto. Walimvunja mbavu, kisha taya, kisha wakampiga kisogoni, na kila pigo lilimkuta angali anazungusha. Valvu ikafungika. Ndipo akaanguka. Hakusema neno tena, na alifariki Jumatano tarehe 14 Mei. Walinzi wawili wamekamatwa. Bosi yuko safarini.

Juzi mjumbe wa kiwanda alituletea shada la maua pamoja na ushauri kwamba programu hii iseme "aliugua ghafla." Mjane alimjibu, "Baba, nimeshona watu maisha yangu yote. Nondo kisogoni si ugonjwa. Tutaandika alivyopigwa." Shada alilipokea, maua hayana kosa.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, kaka na dada. Ameacha pia wakazi wote wa nyumba zile za reli, wakiwa hai, akiwemo mtoto mchanga ambaye hajapewa jina.

Mamlaka italikata tawi hilo na kuliziba Jumatatu saa tatu asubuhi. Waombolezaji wote wanakaribishwa. Wavae viatu vinavyofunika vidole, na asije mtu na kiberiti, hata mwenye hasira.

Ndugu yetu alale kwa amani. Sisi tutakuwa pale Jumatatu.