Mji wa Boniphace Machage, Fundi wa Kijumba cha Mapumziko

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na waombolezaji wote, mnaouliza tangu asubuhi kwa nini turubai lilifungwa Mugango na jeneza liko Bunda, tunaomba utulivu, maelezo yamo humu.

Marehemu baba yetu, Boniphace Machage, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 Mugango, akasoma shule ya msingi hapo hapo, 1976 hadi 1982, akajifunza useremala Musoma, na mwaka 1991 akafungua karakana Buhare. Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na mama yetu Ghati, hapa Bunda, wakajaliwa watoto wawili, Esther na Benson.

Mwaka 2012 alibuni kijumba cha mapumziko, chumba, jiko na baraza la kukunja, chenye miguu ya kurefusha na kufupisha, kisimame kwenye mawe ya ziwani Mugango, kwenye mteremko wa Buhemba na kwenye udongo mweusi wa Bunda unaovimba masika, ili familia ya kawaida nayo iende likizo, na kwa kuwa hakuamini kitu asichokilalia mwenyewe, alihamia humo na mama, wakazunguka nacho sehemu zote hizo, mwisho Bunda mwaka 2022, nyumba nyingine hakujenga.

Aliugua figo tangu Novemba 2023, akafariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 hospitalini Musoma, na hapo tukachanganyikiwa wote, maana kwetu mwanamume huzikwa mbele ya nyumba yake, na wazee wakasema nyumba ya kufunga kwa spana siyo mji wa mtu, siyo boma, arudishwe kwa baba yake Mugango kama kijana ambaye hajaoa, na waliosema hivyo ni wale wale waliokuwaga wanakuja Krismasi kulala humo na kusifia upepo. Kaburi likachimbwa Mugango, jingine Bunda, watoto hatukujua tulie wapi.

Baba mkubwa Silasi akamuuliza mama kikaoni, mji wa mdogo wake uko wapi, na mama, ambaye hata yeye alikuwa hajui, akasema, "Shemeji, mji wake ni pale ninapopikia. Sasa hivi napikia Bunda." Baba mkubwa alibisha kidogo, akaomba chai, kikao kikaisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa Buhare, majirani wa Bunda, na vijana wa Mugango waliochimba kaburi kisha wakazika humo shina la mgomba lisibaki wazi, mtusamehe, hata sisi tulikuwa hatuelewi.

Baba, pumzika kwa amani, uko kwako.