Alama Sabini na Moja

Ndugu zetu mliosafiri na majirani zetu mliovuka uchochoro tu, wakubwa kwa wadogo, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtulie kidogo msikilize safari ya mpendwa wetu aliyelala hapa mbele. Anayeisoma ni mdogo wake wa mwisho, ambaye humu ndani ameandikwa "mdogo mtu", na ataendelea kuitwa hivyo hadi mwisho, kwa sababu kuna mambo ambayo hana uso wa kuyasema akijiita mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi mitambo na mshona nguo, na kwa kuwa mama alikuwa na cherehani moja na wateja wasioisha, marehemu alianza kukunja pindo za sketi za watu akiwa na miaka saba, na mama hakuwa na sababu ya kuzifumua. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli Januari 1966, akamaliza Novemba 1972, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana, alikohitimu mwaka 1976 kwa ufaulu wa juu kuliko wote darasani. Walimu walimshauri asomee udaktari, baba naye akawahi kuwatangazia wenzake karakanani kwamba ana daktari ndani ya nyumba, lakini marehemu akajaza fomu ya ualimu wa sayansikimu, yaani lishe na mapishi, ushonaji, malezi ya mtoto, matumizi bora ya mali ya nyumbani, na uuguzi wa nyumbani.

Baba alinuna mwezi mzima. Kaka mkubwa, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele, alikuwa akiulizwa dada yake anasomea nini, anajibu kwamba anasomea mambo ya sayansi, kisha anauliza habari za mpira, na ndugu wengine walimtania marehemu kila likizo wakitaka kujua kama huko chuoni kuna mtihani wa kuosha sufuria. Alikuwa akiwajibu kwamba upo, na kwamba wao wote wangefeli. Tulicheka sana miaka hiyo, na leo kicheko hicho hakina ladha.

Alianza kazi Januari 1980 katika sekondari ya kutwa, akahamishiwa chuo cha ualimu Septemba 1986 kama mkufunzi, na hapo alidumu hadi alipostaafu siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 14 Agosti 2018, akiwa amewapika walimu wa sayansikimu na stadi za maisha kwa miaka thelathini na miwili. Wanafunzi walimwita Kipimo, kwa kuwa hakukubali kijiko cha unga mpaka kisawazishwe kwa mgongo wa kisu, na alama alizitoa vivyo hivyo, bila nundu na bila shimo. Aliwaambia walimu wake kwamba mtoto anaweza kusahau mwaka wa vita fulani na akaishi vizuri tu, ila asipojua kunawa, kulisha, kukataa na kuomba msaada, atalipa yeye na watakaoishi naye.

Katika chumba chake cha mazoezi, baada ya majiko sita na cherehani kumi na mbili, kulikuwa na kitanda cha chuma, na juu yake mtu wa gunia aliyemshona mwenyewe na kumjaza mchanga mpaka akafika kilo sitini, ili mwalimu asijifunze kugeuza hewa. Wanafunzi walimpa mtu huyo jina la Shemeji, kwa sababu ni mzito na hasaidii kazi yoyote ndani ya nyumba. Ukutani juu ya kitanda ilikaa chati ya kugeuza mgonjwa, yenye safu ya saa, safu ya ubavu aliolazwa, safu ya hali ya ngozi, na safu ya sahihi, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba unageuza kwanza ndipo unaandika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984 na fundi saa, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima na kibanio mkononi asiseme neno, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza ni fundi umeme na wa pili ni mhasibu, wote wapo hapa na wake na waume zao. Shemeji yetu huyo alitangulia mwaka 2011, na marehemu akaendelea kutia ufunguo saa zake zote za ukutani kila Jumapili, jambo ambalo wajukuu walilifurahia na majirani wakalivumilia.

Sasa inabidi turudi nyuma kidogo, na hapa kaka mkubwa atamsamehe mdogo wake, kwa kuwa aya zinazofuata hazikuwemo katika karatasi aliyoipitisha jana.

Mwaka 1993 mdogo mtu alijiunga na chuo kilekile, akawa mwanafunzi wa dada yake, na Oktoba 1995 ukafika mtihani wa uuguzi wa nyumbani, ambapo kila mtahiniwa alikabidhiwa Shemeji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, amgeuze kila baada ya saa mbili na kujaza chati. Jumatatu ya tarehe 16 alifanya mwenzake mmoja, mama wa mtoto mchanga, ambaye saa nane aliandika mstari wa saa kumi mapema ili awahi kumnyonyesha mtoto aliyekuwa kwa jirani. Marehemu alimfelisha, na mwenzake huyo akarudia mwaka mzima na mtoto mgongoni.

Jumatano ya tarehe 18 ilikuwa zamu ya mdogo mtu. Alijaza mistari yote mitano saa mbili na robo asubuhi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, akaandika ngozi nzuri mara tano, akamwacha Shemeji chali, akaenda mjini kusukwa, kwa sababu Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumwona. Marehemu aliingia saa sita, akakuta saa kumi imeshafika ukutani. Mdogo mtu aliporudi saa nane na nywele mpya, alimkuta dada yake amekaa kwenye kiti cha mwuguzi, chati ameichana, chati nyingine safi iko mezani, naye hakufoka wala hakumtazama kichwani, alimwambia tu kwamba likizo aje nyumbani, atamfundisha mpaka aweze. Kisha akaandika alama sabini na moja kati ya mia, alama ya mtu wa kawaida asiyeshangaza yeyote. Kwa miaka yote thelathini na miwili ya kazi chuoni hapo, mdogo mtu hajui alama nyingine ya uongo iliyotoka katika mkono ule.

Likizo hiyo mdogo mtu hakwenda, kulikuwa na maandalizi ya harusi, na iliyofuata hakwenda, alikuwa mjamzito, na baada ya hapo hakuwa na kisingizio, alipuuza tu. Marehemu alimkumbusha Desemba tatu mfululizo, kisha akaacha. Mdogo mtu ameajiriwa tangu Januari 1996, anafundisha stadi za maisha, na kila mwaka amechora kitanda ubaoni, amechora na mishale ya kugeuzia, akawapa watoto wa watu maksi kwa kunakili mishale hiyo.

Tarehe 9 Machi 2023 marehemu alipata kiharusi akiwa sokoni, mkono na mguu wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito ila akili ikabaki yote. Alilazwa wiki tatu, na tarehe 31 Machi akaruhusiwa, ndipo watoto wake wakataka kutafuta mwuguzi wa kulipwa, lakini mdogo mtu akawaambia, tena kwa sauti ya kuudhika, kwamba aibu gani hiyo, mama yenu awe na mdogo aliyesomea mambo hayo kwake mwenyewe halafu mtafute mtu baki. Wakamshukuru, na marehemu akapelekwa nyumbani kwa mdogo mtu, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani.

Siku ya kwanza mdogo mtu alijaribu kumgeuza, akamshika vibaya begani, marehemu akaguna kwa maumivu, na tangu hapo aliogopa. Alimlaza chali juu ya mito mizuri, akamwosha uso, akamlisha vizuri, jioni akimbadilisha nguo za mbele na kupitisha kitambaa pale mkono ulipofika, asubuhi akaenda kazini, mchana jirani akapita kumpa maji. Na ukutani akatundika chati. Watoto walipokuja Jumapili waliiona, wakaisifu, wakasema mama yupo mikononi mwa mtaalamu. Mdogo mtu alikuwa akiijaza jioni akitoka shule, mistari yote kwa mkupuo, na marehemu alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo, macho wazi, akimwangalia anavyoandika. Mdogo mtu angependa kuwaambia kwamba alidhani dada haoni, lakini alijua kwamba anaona.

Jumapili ya tarehe 11 Juni alikuja yule mwenzake aliyerudia mwaka, ambaye sasa ndiye mkufunzi katika chumba kilekile cha mazoezi. Alimsalimia mgonjwa, akanusa, akafunua shuka, akamgeuza kwa mkono wake mara moja tu, na mgonjwa hakuguna, ndipo tukaona mgongo na nyonga. Vidonda viwili vilikuwa vimefika kwenye mfupa. Alirudishwa hospitali siku hiyohiyo, madaktari wakapambana, lakini sumu ilikuwa imeingia kwenye damu, na Jumanne ya tarehe 27 Juni 2023, saa tisa alasiri, akakata roho akiwa na miaka sitini na minne. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba alifariki kwa kiharusi baada ya kuuguzwa kwa upendo na ndugu zake. Upendo ulikuwepo. Maneno mengine mdogo mtu ameyakata asubuhi hii kwa kalamu.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia mara zote mbili alipolazwa, majirani waliotoa viti, magodoro na muda wao, wakufunzi wenzake na wanafunzi wake waliojaa hapa mpaka nje ya uzio. Inamshukuru yule mwenzake wa mdogo mtu, ambaye leo ndiyo anasikia kwa mara ya kwanza kilichotokea Jumatano ile, siku mbili baada ya yeye kufelishwa, na mdogo mtu hamwombi aseme lolote mbele ya watu.

Na inamshukuru kwa namna ya pekee mwuguzi wa zamu ya mchana wa wadi ya wanawake, ambaye ameomba ruhusa kazini ili awepo. Tarehe 12 Juni, akisafisha vile vidonda, aliuliza ni nani alikuwa anamwuguza mgonjwa huyu nyumbani, mdogo mtu akatazama sakafu, na marehemu, ambaye wakati huo sentensi moja ilimchukua dakika nzima, akamjibu, "Usimlaumu mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekataa kugeuzwa." Mwuguzi aliyaandika maneno hayo katika faili, na mdogo mtu alimwona akiyaandika, akanyamaza, akaenda nyumbani akala, akalala. Dada mwuguzi, kama taratibu zenu zinaruhusu, mdogo mtu anakuomba ulifungue faili lile ulirekebishe, na kama kuna mahali pa sahihi, yupo tayari kusaini. Mgonjwa hakukataa kugeuzwa. Hakugeuzwa.

Dada yetu, pumzika sasa, na amani iwe yako.