Siku Niliyokwenda kwa Daktari Bila Kujiosha

Asalaam aleikum, kina mama. Mliosimama mlangoni sogeeni, mkekani kuna nafasi. Haya ya leo si ya kusikika barabarani.

Mnanijua. Nauza khanga Kariakoo, na mnajua sina mtoto. Msijifanye hamjui, nimewasikia mkinong'ona.

Nimelelewa na shangazi, na nilipoolewa yeye ndiye aliyekuwa somo wangu, akanifunda mambo ya ndoa. Moja alilisisitiza: mwanamke hujiosha mpaka ndani, asubuhi na jioni. Wakati ule sabuni ilikuwa taabu, nguo tulifulia majani ya mpapai, kwa hiyo nilijiosha kwa maji matupu. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakafurika sabuni za Dubai, na dawa za kuulia vijidudu zenye harufu ya hospitali. Ndugu zangu, nawaambia, nilijisugua kama ninayesugua sufuria.

Miaka ikapita bila mimba. Mawifi wakaanza: "Kaka yetu anamwagilia mchanga." Mume wangu akanipeleka Upanga, kwa daktari mmoja wa Kihindi, mama mtu mzima. Akanipa dawa za kupevusha mayai, akaniwekea mbegu za mume wangu kwa bomba. Mara mbili mimba ikashika, mara mbili ikatoka. Ya pili ilitoka nikiwa dukani, namkunjia mteja khanga. Nikamfungia mzigo wake, akaondoka, ndipo nikafunga mlango nikalia.

Daktari alinipima kila mara, haoni kitu. Angeona nini? Siku ya kliniki nilijisugua mara mbili. Utamvuliaje nguo mtu mzima ukiwa mchafu? Hiyo ndiyo adabu tuliyofundwa.

Siku moja maji yakakatika Kariakoo nzima, hata wauza madumu hawakuonekana. Nikasema siendi. Mume wangu akasema, "Twende hivyo hivyo, mama. Yule ni daktari, si bwana harusi."

Nikapanda kitanda cha kupimiwa, uso nimeufunika mtandio. "Samahani daktari, leo nanuka."

Akachukua majimaji, akayatazama mwenyewe kwenye darubini. Kisha akauliza, "Mama, unajiosha na nini?" Nikamweleza. Akavua miwani. "Miaka yote hii, leo ndiyo nimekuona."

Akaniambia ndani kwetu wanaishi vijidudu walinzi. Wanatia ukali kidogo, kama wa mtindi, ili wabaya wasikae. (Na msikimbilie kutia mtindi, nawajua!) Sabuni yangu iliwaua walinzi, wabaya wakahamia, na hao ndio wenye harufu. Nikinuka najiosha, nikijiosha nanuka zaidi. Na mimba, akasema, hupata taabu kukaa mahali kama hapo.

Nikatibiwa. Nikaacha kujiosha ndani. Harufu ikaisha, na maumivu ya tumbo niliyodhani ndiyo uanamke nayo yakaisha. Nikaanza kuchagua majina. Lakini mara ya tatu mbegu hazikushika, na picha ikaonyesha mirija ya uzazi imeziba. Maradhi yalikuwa yameshapanda juu. Nikamuuliza, ni ile sabuni? Akasema, "Huenda. Siwezi kuapa." Hiyo huenda inaniuma mpaka leo.

Nilimkasirikia shangazi, nikakata mguu kwake. Alikuja mwenyewe, akalia mpaka nikamwonea huruma. "Mwanangu, nilikupa nilichopewa."

Basi namshukuru mume wangu, hajanitupa. Namshukuru daktari, hakunicheka. Na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, shangazi yangu, nakushukuru. Juzi ukoo ulisema tasa hawezi kuwa somo wa binti ya wifi yangu. Huyu bibi akasimama mbele yao: "Asipofundwa na huyu, harusini msinione."

Kina mama, ukiona harufu au maumivu, nenda kwa daktari, na uende ulivyo.

Ijumaa nitaingia ndani na mwari wangu. Nitamfunda yote niliyofundwa, heshima, mapishi, mpaka kuvaa shanga. Tukifika kwenye kujiosha, nitamwambia: nje ni kwako, osha kwa maji. Ndani kuna wenyewe, waache wakulindie watoto ambao mimi sikuwapata.