Mlango Unaokwama

Mheshimiwa Mkurugenzi wa jumba hili la sanaa, waheshimiwa wajumbe wa bodi, walimu na wanafunzi wa sanaa, waandishi wenzangu, wakiwemo wale watatu ambao hatusalimiani, ndugu wageni waalikwa. Mama nimemweka mwisho kwa sababu mwenyewe amenionya asubuhi: "Ukianza na mimi watu watasema hukufunzwa adabu, na aliyekufunza ni mimi." Mama, shikamoo.

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya mdogo wangu wa kike. Nyumbani tunamwita Kipande, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama na kuvijaza mfukoni. Kazi yenyewe mnaiona hapa mezani: nyumba ndogo isiyofika goti langu, vyumba vitatu, paa la kopo la maziwa lililokunjwa kwa mkono. Ni nyumba tuliyokulia. Ile ya kweli ilibomolewa ipite barabara, na leo malori yanapita juu ya jiko la mama bila hata kubisha hodi.

Mnanijua. Kwa miaka ishirini nimeandika magazetini juu ya utamaduni na kujitambua, nimegombana na maprofesa, nimegombana na mawaziri, mwaka juzi nikagombana na kamusi. Sasa niwaulize: mtu aliyeandika kurasa zote hizo, akiwekewa nyumba yao mbele ya macho, ataitambua?

Mwezi wa tatu nilikwenda kwenye karakana ya Kipande kuiona kazi hii. Nilikwenda na rula. Nikapima, nikakuta ukuta wa jikoni umelala upande. Nikausukuma mlango wa mbele kwa kidole, ukakwama. Nikasukuma tena, ukakwama tena. Kipande alikuwa pembeni anakata kalenda ya karatasi yenye ukubwa wa ukucha, ananitazama tu.

"Bawaba zako zina kasoro," nikamwambia.

"Sawa, kaka."

Nyie wenye wadogo wa kike mnaijua "sawa" ya namna hiyo. Mimi ilinipita. Jumapili iliyofuata nikaandika kwamba msanii anayetaka kutuonyesha sisi ni nani aanze kwa kujifunza kusimamisha ukuta na kutundika mlango. Sikuandika kwamba msanii huyo ni mdogo wangu. Niliona huo ndio uadilifu.

Mama hasomi tena. Macho yake yamebakiwa na mwanga wa dirishani tu, na daktari anasema hata huo unaaga. Makala alisomewa na mke wangu, ambaye naambiwa aliisoma kwa furaha kubwa. Mama akanipigia simu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umeandika ukuta wangu umepinda."

"Umepinda, mama. Nimeupima."

"Umepinda kweli. Baba yako aliujenga akiwa na haraka ya kunioa. Lile kabati ulidhani nililiweka pale kwa nini?" Kisha akauliza: "Na mlango, uliuinua?"

Ndugu zangu, hapo nilitafuta kiti.

Mlango wetu ulikuwa hausukumwi. Unashika kitasa, unauinua kiasi cha unene wa kidole, ndipo unausukuma. Mgeni alisukuma mpaka akakata tamaa. Wa nyumbani aliinua bila kujua kwamba anainua. Mama alitoka kwao, baba akatoka kwao, mbali na mbali. Fomu ya shule ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika asili. Muhula huu baba anaandika kwao, muhula ujao mama anaandika kwao, na watoto wenzetu walipotuuliza sisi hasa ni watu wa wapi, tuliangalia viatu. Kumbe jibu tulikuwa nalo mkononi kila tulipotoka shule. Sisi tulikuwa watu wa kuinua mlango ule. Na mimi, bingwa wa kujitambua, niliufikia nikausukuma kama karani wa sensa.

Wajumbe wa bodi sitawaonea, lakini kuwaacha hivihivi siwezi. Mmoja wenu aliuliza kikaoni mbona ndani kuna beseni la plastiki na kalenda ya duka la matairi, na utamaduni uko wapi. Akashauri beseni litolewe, uwekwe mtungi. Kipande alimjibu kwa upole ambao mimi sijajaliwa: "Mheshimiwa, mtungi hatukuwa nao. Beseni ndilo lililotuogesha." Hebu tuambiane ukweli. Kwa nini utamaduni wetu lazima uwe kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukishika?

Seremala wa jumba hili aliuliza swali bora zaidi. Siku nyumba ilipoletwa alisema, "Dada, mlango huu unakwama. Niupige randa?"

"Usiuguse, fundi. Unakwama vizuri."

Fundi akarudisha randa yake kwenye mkoba, akasema, "Kwetu lilikuwa dirisha."

Nilikuwa na hofu moja. Hapa kila kazi hufunikwa kioo, na mama haoni kwa macho tena, anaona kwa vidole. Akizuiwa kuigusa, basi Kipande amewajengea watu wote isipokuwa mmoja. Nikaandika barua ya kurasa mbili, kali, nikampelekea Mkurugenzi mkononi. Akasoma mstari wa kwanza, akanirudishia. "Kioo kiliondolewa juzi," akasema. "Mdogo wako aliomba, nasi tukakubali." Mheshimiwa, barua ninayo bado mfukoni na inanichoma. Nakushukuru.

Kipande, mdogo wangu, nilikukosea mbele ya wasomaji, nakuomba radhi mbele ya watu. Jumapili nitaandika tena, na safari hii nitasema wewe ni nani kwangu.

Ratiba inasema sasa utepe ukatwe. Mama amekataa. Ameshika mkasi miaka arobaini, na anasema kitambaa kizima hakikatwi kama hakuna wa kukivaa. Kwa hiyo maonyesho haya yatafunguliwa kama nyumba inavyofunguliwa.

Wageni wetu, mmenisikiliza kwa subira nisiyowahi kuwaonyesha nyinyi, asanteni. Naomba sasa tunyamaze, maana mlango ule ulikuwa na mlio wake. Mama, Kipande amekushika mkono. Kitasa kiko kushoto. La kufanya sikuambii.