Omary Skonzi Ameambiwa Aendelee

Nyuma ya soko la Arusha, upande wa Kaloleni, palikuwa na benchi lenye miguu mitatu yake lenyewe na wa nne wa kuazima, yaani jiwe. Mwenye benchi alikuwa Mikidadi muuza kahawa, aliyewahi kuwa tarishi wa korti miaka minne, na tangu hapo akawa anahukumu kila kitu, hata mvua. Watu wakamwita Korti. Kahawa yake ilitoka huko huko mlimani Meru kama kahawa ya wazungu, ila ile nzuri ilipanda treni ikaenda Ulaya, na Korti akabaki na chenga. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu hawakuifuata kahawa pale, walifuata ubishi. Na mwaka ule wa kutawazwa Malkia wa Waingereza ubishi ulikuwa mwingi, maana serikali ilikuwa imeleta neno jipya, maendeleo, likatangazwa barazani, likatangazwa mnadani, na kila mtu akaliitikia bila kuuliza ni la nini.

Basi siku moja, baada ya swala ya Adhuhuri, Omary Skonzi akatokea pale na aproni kiunoni. Omary alikuwa mpishi Uzunguni, ng'ambo ya mto Themi, na jina la Skonzi alipewa kwa sababu ya mkono wake, maana skonzi zake ziliumuka hata siku za baridi. Mpishi wa mzungu kuonekana Kaloleni saa nane mchana, siku ya kazi, na aproni, si jambo la heri.

— Kumefiwa? aliuliza Korti.

— Hapana.

— Basi kaa.

Omary akakaa kati ya Msafiri Bama, aliyekwenda vita vya Wajapani kule Bama akarudi na kofia moja na majibu ya maswali yote, na Aminiel Taratibu, Mmeru muuza ndizi, ambaye husema mara moja kwa kila kikombe. Korti akainua dele la kahawa, akamimina. Omary hakunywa.

— Memsabu kaniambia niendelee, alisema.

— Uendelee na nini?

— Hakusema na nini. Nilikuwa nakanda unga. Akaja akasimama mlangoni, akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Akasema, "Omary, wewe miaka kumi na saba hapa hapa. Hii hapana zuri. Wewe lazima endelea. Mimi nasema kwa moyo." Machozi yakamlengalenga, akaenda bustanini kupumua.

— Kupumua?

— Siku hizi anapumua. Ameletewa kitabu kutoka kwao, kinafundisha mtu namna ya kuishi. Kila asubuhi anautazama mlima, anavuta pumzi kumi, anazitoa.

— Kwani zamani alikuwa hapumui?

— Alikuwa hahesabu.

Bama akatikisa kichwa kwa huruma.

— Na wewe ulimjibu nini?

— Nilisema, "Ndiyo, memsabu."

— Ala! Kwa hiyo umekubali, alisema Korti.

— Nimekubali, lakini sijui nimekubali nini. Ndiyo shida yangu. Nimefukuzwa, au nimesifiwa?

Na haikuwa shida ndogo. Saa kumi memsabu alikuwa na wageni saba wa chai. Unga ulikuwa mezani umefunikwa kitambaa. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chumba cha Omary na mkewe Siwema, na nyuma ya chumba kulikuwa na tuta la mchicha la Siwema, na Siwema mwenyewe saa hiyo alikuwa anapepeta mchele bila habari yoyote. Omary aliwaeleza wenzake yote hayo, kisha akasema jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

— Nikirudi, na kumbe nimefukuzwa, ni aibu. Nisiporudi, na kumbe sikufukuzwa, nimejifukuza mwenyewe.

— Si ungemwuliza tu? alisema Bama.

— Mtu analia utamwulizaje? Na miaka kumi na saba namwitikia ndiyo, leo nimwambie sikuelewa?

Korti akaweka dele chini. Alipenda kesi iliyokosa ushahidi, maana hapo ndipo hakimu hujulikana.

— Tuanze na kielelezo. Aproni hiyo ya nani?

— Ya memsabu.

— Alikuambia uendelee saa ngapi?

— Saa nne.

— Sasa saa nane. Kama ulifukuzwa, umeiba aproni saa nne nzima.

Omary akaivua upesi, akaikunja, akaiweka mapajani.

— Na kama hukufukuzwa, alisema Bama, umevua nguo ya kazi saa za kazi. Jeshini hiyo ni siku saba ndani.

Omary akaivaa tena.

— Sikilizeni, alisema Korti. Mimi nimesimama mlango wa korti miaka minne. Shahidi akinyamaza, hakimu anamwambia nini? Endelea. Maana yake alichokuwa anafanya akifanye. Wewe ulikuwa unakanda. Basi ukakande. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu wa nani? aliuliza Bama. Wa memsabu?

— Usinivunjie heshima. Ni methali.

— Hata methali ina mahali pake, aisee.

Maneno ya Korti yakamwingia Omary vizuri. Alianza hata kuinuka. Lakini alikuwa mtu mkweli, na ukweli ukamvuta aproni.

— Ila kuna jambo. Jumatatu memsabu alimwambia bwana, mumewe, maneno hayo hayo. Kwa kizungu chao, lakini nilisikia sauti ni ile ile, na bega alimshika.

— Na bwana akafanyaje?

— Jumanne akaenda Nairobi. Hajarudi.

Omary akakaa chini. Bama akajipiga paja.

— Nilijua! Korti, hakimu wako huyo hajui kitu. Jeshini tukiambiwa endelea, ni kwenda mbele mpaka usikie simama. Kule Bama tulikuwa na mwenzetu mmoja, tukaambiwa tuendelee porini. Afande akasema simama, sisi tukasikia, yeye alikuwa amekwisha kutangulia, hakusikia.

— Ikawaje?

— Ikawaje nini? Hakuambiwa simama. Anaendelea mpaka leo.

— Vita vimekwisha miaka minane, Bama.

— Ndiyo nasema, kaendelea sana. Kwa hesabu yangu ameshapita China. Omary, ndugu yangu, bwana wa watu kaenda Nairobi, na wewe ondoka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Huyu mpishi, alisema Korti. Koleo la nini?

— Basi kuvunjika kwa mwiko.

Aminiel alikuwa amemaliza kikombe. Wote wakamgeukia, kwa kuwa zamu yake ya kusema ilikuwa imefika. Akafuta midomo kwanza.

— Sisi Wameru tuliambiwa neno hilo, alisema. Kule Ngare Nanyuki. Wakasema ni kwa ajili ya maendeleo, ng'ombe wa wazungu wanataka nafasi. Sisi tukasema hatutaki. Malori yakaja.

Hakuna aliyecheka. Habari ya Ngare Nanyuki ilikuwa bado mbichi, na Aminiel alikuwa na nyumba kule, sasa hana. Korti akamjazia kikombe cha pili bila kumwuliza.

— Mimi sijui kiswahili cha memsabu wako, Omary, alisema Aminiel. Nakuambia tu, ukiona lori mlangoni, usiulize maana.

Omary akauona mchicha wa Siwema na tairi la lori juu yake.

— Hapo mnamtisha mtu bure, alisema Korti. Maendeleo si kuhama tu. Kuna ng'ombe walioendelea. Mmewaona wale madume wa Bwana Mifugo? Wanono, wametulia, hawapigani na mtu.

— Kwa nini wametulia?

— Wamekatwa pembe.

— Pembe tu? aliuliza Bama.

— Wengine zaidi ya pembe.

Benchi zima likamtazama Omary.

— Mimi nimekwisha kutahiriwa, alisema Omary.

— Hiyo ni ya dini, alisema Korti. Ya serikali ni nyingine.

— Acheni hizo, alisema Bama. Mimi sasa nimeelewa. Memsabu kasoma kitabu cha kuishi. Kaona yeye ameishi, bwana kaishi, mbwa kaishi, aliyebaki ni Omary. Anataka kumfanya mzungu. Utakaa mezani, Omary. Utatandikwa kitambaa kifuani kama mtoto. Utaletewa chai.

— Na nani?

— Na memsabu. Mpishi si umeendelea? Nani mwingine amebaki?

Omary akaingiwa na hofu ya kweli. Chai ya memsabu aliijua. Memsabu aliwahi kuipika siku Omary alipougua malaria, na mbwa aliikataa.

— Halafu utapumua, aliendelea Bama. Wewe huku, yeye kule, mlima mbele. Pumzi kumi kumi.

— Na Siwema?

— Siwema ataanza na tano.

Hapo Korti akasema kwamba hukumu imekaribia, atakayemaliza kahawa ya mwisho ndiye atakayesikilizwa, na akainua dele ili aone imebaki kiasi gani. Ndipo akaja mama mmoja wa Kiarusha, amebeba kibuyu cha maziwa mgongoni, kamba yake imepita kichwani, vumbi hadi magotini. Hakuna aliyemjua. Bama, ambaye alijua salamu za makabila yote na si zaidi, akamwamkia kwa Kimaasai.

— Takwenya!

— Iko, alijibu yule mama kwa lugha hiyo hiyo, kisha akageuza Kiswahili. Naitwa Nosim. Natafuta soko.

— Soko ni hili hili, huu ni ukuta wake. Zunguka. Lakini pumzika kwanza, mama yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa yupo mwenyeji anayetaka kupona.

Nosim akatua kibuyu, akakaa juu ya jiwe la kando. Wakamweleza kesi yote, Korti, Bama na Omary kwa pamoja: kitabu, pumzi, bega, Nairobi, malori, pembe. Alisikiliza kwa makini kama mtu ambaye Kiswahili alikipata ukubwani na hataki kupoteza neno. Walipokwisha akafikiri.

— Kuendelea, alisema. Hiyo si kwenda?

— Ni kwenda, ndiyo, alisema Korti. Lakini si kwenda hivi kwa miguu. Ni kwenda... kwa maana.

— Sawa. Anakwenda wapi?

— Nani?

— Huyu baba. Ameambiwa aende. Anakwenda wapi?

— Ndiyo tunayojadili, mama, memsabu alimaanisha...

— Nimesikia huyo memsabu. Siulizi yeye. Akamgeukia Omary. — Wewe, baba, unataka kwenda wapi?

Bama akavua kofia, akatazama ndani yake. Aminiel kikombe chake kilikuwa kimekwisha, zamu ilikuwa yake, akaiacha ipite.

Omary alitaka kumjibu. Aliona ni swali dogo, mtu mzima hawezi kulikosa. Akaanza:

— Mimi?

Kisha akakwama. Akakumbuka steshini ya Arusha, mwaka waliokuja na Siwema kutoka Korogwe, ndoa ina wiki mbili, mkeka mmoja na sufuria mbili. Reli ilikuwa imefika mwisho. Siwema aliuliza, "Sasa?" Na yeye akamwambia, kwa sauti ya mume mpya, "Tupumzike siku tatu, halafu tutaendelea." Siku ya pili akapata kazi ya kuosha vyombo Uzunguni. Ya tatu haikuja. Lakini kulikuwa na mahali. Walikuwa wanakwenda mahali, walipataja usiku na mchana ndani ya treni, Siwema alikuwa akicheka kila wakipataja. Akalitafuta jina la mahali hapo, wapi! Akapata sura ya Siwema inayocheka, jina hapana. Aibu ikampanda, kubwa kuliko ya kufukuzwa.

— Mimi, alisema tena.

Azana ya Alasiri ikaanza msikitini. Kila mmoja pale akajua maana yake, wageni saba wamekwisha kuketi na unga bado uko chini ya kitambaa. Korti akainamisha dele juu ya kikombe, likatoa tone moja la mashapo.

— Kahawa imekwisha, alisema. Kesi imeahirishwa.

Omary akasimama. Akaivua aproni, akaikunja, akaishika mkononi, si kuvaa wala kuacha.

— Unakwenda kazini? aliuliza Korti.

— Kazi huyo hana tena, alisema Bama. Huoni kaivua? Anahama. Unakwenda wapi, Skonzi?

— Kwa Siwema, alisema Omary. Labda yeye anakumbuka.