Tafsiri ya Wimbo wa Mlimani

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, na mguu wake mmoja ni betri mbovu ya gari. Hapa mtu hakai bila kuwa na uhakika na mambo yake. Juzi lakini Besi, mwalimu wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa vioo, alikuja saa nane mchana akiwa hana uhakika na chochote, tukamsogelea wote. Alikuwa ametunga muziki wa filamu, kazi tuliyoisubiri miezi saba kama mimba ya ukoo mzima: waimbaji arobaini, tarumbeta sita, ngoma, fidla kumi na mbili, vyote vikimsindikiza binti anayepanda mlima peke yake kulikabili joka. Saa kumi mwongozaji wa filamu angekuja hapa kuchukua tafsiri ya maneno ya wimbo, ayaandike chini ya picha.

— Si umpe? nikamwambia. Maneno si umetunga mwenyewe?

— Uliorekodiwa hauna maneno, kaka.

Dada Birika, muuza kahawa wetu, akaacha kumimina.

— Watu arobaini wafumbue midomo halafu wasiseme kitu?

— Wanaimba noti, dada. Kwaya ikipewa wimbo mpya huanza na do, re, mi, mpaka kila sauti ishike njia yake. Maneno huja baadaye. Sasa fundi mitambo wa studio akarekodi mazoezi, akayatuma akidhani ndiyo yenyewe. Mwongozaji akanipigia simu analia. Akasema hajawahi kusikia lugha tamu kama ile.

— Na wewe ukasema nini?

— Nikasema asante.

Tukamwonea huruma. Hiyo asante ndiyo iliyokuwa inamla. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, na kama angeonekana tapeli, ingekuwa ya mwisho.

— Tulia, akasema Profesa, ambaye anashona viatu na kusoma kila gazeti analofungia soli. Lugha ipo. Wewe huijui tu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na joka lina miguu minne.

— Linahusiana vipi?

— Utaelewa ukikua. Fundi, weka huo wimbo.

Nikaunganisha simu ya Besi na spika niliyoifufua asubuhi. Sitasema uongo: ngoma zilianza chini kabisa, mbali, fidla zikaja juu yake polepole, halafu zile sauti arobaini zikapanda ngazi kwa ngazi hadi tarumbeta zikapasua. Mimi ni fundi, kwangu kitu kinalia au hakilii. Kile kililia. Nywele za mkononi zilinisimama, nikajifanya najikuna.

Watu wawili watatu walikuwa wamesimama barabarani kusikiliza, mmoja wao mama aliyevaa miwani na kubeba mkoba mkubwa. Dada Birika akampa kikombe na nafasi pembeni ya benchi, kama anavyompa kila mtu.

— Umesikia pale mwanzo? Profesa akaanza. Hicho ni kiapo. Wanasema, “Sisi watoto wa mlima, tumekula moto na hatujashiba.”

— Wapi! akadakia Kamanda, mlinzi mstaafu wa shule. Nimelinda geti miaka thelathini, najua amri nikiisikia. Wanamwambia joka litoe kitambulisho.

— Joka?

— Hata joka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Limekaa mlimani miaka elfu, halijalima hata tuta moja!

— Nyie wanaume hamsikilizi, akasema Dada Birika. Wale ni mababu wa binti. Joka ni mjomba wao aliyerogwa, na wanamsihi arudi nyumbani kabla hajawamaliza watoto wa watu kwa moshi. Ile sauti nyembamba ya juu ni mkewe. Ana kinyongo.

— Haya, andika hiyo! Profesa akamwambia Besi. Changanya ya kwangu na ya yule mke mwenye kinyongo. Kiapo, halafu kinyongo. Nani atajua?

Besi alikuwa na kalamu mkononi, na karatasi juu ya goti. Aliandika mstari mmoja. Nilimwona, na nikiri kwamba sikumzuia. Nilitaka apate ile kazi.

— Samahani, akasema yule mama wa miwani. Kwa hiyo wanasema nini hasa?

Profesa akamtazama Kamanda. Kamanda akatazama geti ambalo halipo. Besi akainuka, maana sauti ile aliijua kutoka kwenye simu.

— Mama mwongozaji.

— Ndiyo mimi. Nimewahi.

Nikakata spika. Dada Birika akanong'ona, “Mficha uchi hazai, kaka,” na kwa mara ya kwanza siku ile methali ikakaa mahali pake.

Besi akaikunja karatasi.

— Hawasemi kitu, mama. Ni noti tupu. Yalikuwa mazoezi, yakatumwa kwa bahati mbaya, nikaona haya kukwambia. Maneno ninayo nyumbani, ukitaka tutarudia kurekodi bure. Ukitaka mtu mwingine, pia ni haki yako.

Mama akavua miwani, akaipangusa.

— Nimeikata na kuiunga picha nzima kuifuata ile sauti, akasema. Sasa niambie, mwalimu. Mtu akiimba noti, anakuwa anafanya nini?

— Anatafuta njia, mama. Wimbo hajaujua bado. Anaushika hatua moja, anasikiliza wenzake, anashika nyingine, ili asianguke.

— Na yule binti wangu pale mlimani, anafanya nini?

— Naye anatafuta njia, akasema Besi.

Mwongozaji akatoa kalamu na kabrasha mkobani, akatafuta ukurasa wa mlima, akafuta neno “tafsiri”, akaandika: “Noti zibaki hivi hivi.”