Boya la Baba Pacha

Fundi: Haloo? Haloo, naongea na nani?

Mama Barafu: Na mimi.

Fundi: Mimi nani? Namba hii siijui.

Mama Barafu: Dada yako, wewe Kibiriti. Au una madada wangapi wanaouza barafu?

Fundi: Aa, dada! Shikamoo. Samahani, nimelala chini ya gari la mkuu hapa kituoni, oili inanidondokea puani—

Mama Barafu: Marahaba. Si walikuajiri utengeneze boti za doria?

Fundi: Ndiyo hivyo. Siku hizi fundi wa boti ndiye fundi wa gari, ndiye fundi wa choo. Simu ya nani hii?

Mama Barafu: Ya babu mlinzi. Salio lake ni la kuombea dua, kwa hiyo usinizungushe. Uko peke yako?

Fundi: Mkuu yuko ofisini. Kwani vipi? Simu yako iko wapi?

Mama Barafu: Imechukuliwa.

Fundi: Imeibwa?

Mama Barafu: Imechukuliwa, nimesema. Unaisikia hiyo sauti nyuma yangu?

Fundi: Kama... kama mashine. Dada! Umewasha mashine?

Mama Barafu: Inaunguruma tangu juzi.

Fundi: Barafu ya nani? Maji si yamefungwa? Hakuna boti inayoruhusiwa kutoka mpaka samaki wazae, unagandisha maji ya kunywa?

Mama Barafu: Ndiyo maana nimekupigia. Sikiliza, kwanza niambie, tangu uende huko umeshasikia habari za nyumbani?

Fundi: Nasikia hali ngumu kidogo.

Mama Barafu: Kidogo! Mdogo wangu, ukija hapa utaomba uelekezwe kwenu. Kiwanda cha minofu kimefunga geti, wale kina mama wa visu wote wamerudishwa makwao. Malori hayaji. Malori yasipokuja, mwenye mgahawa ampikie nani? Mwenye nyumba ya wageni ameuza magodoro, amebaki na vitanda. Kinyozi anakaa mlangoni anajinyoa mwenyewe, mradi mashine isishike kutu.

Fundi: [anacheka kidogo] Huyo naye.

Mama Barafu: Usicheke. Watu wanaezua mabati, Kibiriti. Unalala jirani yako ana paa, unaamka unaona anga sebuleni kwake. Mnadani, pale tulipokuwa tunapigana vikumbo, mbuzi ndio wanapumzika. Hata paka wamehama.

Fundi: Lakini samaki walikuwa wanakwisha, dada. Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono mkutanoni.

Mama Barafu: Nilinyoosha, na kesho ningenyoosha tena. Walikuwa wanaletwa samaki kama kidole, unaona haya kuwawekea barafu. Tukasema basi, tufunge mkanda, maji yapumzike. Wote tulifunga. Kumbe kuna wenzetu—

[Mtandao unakwaruza.]

Fundi: Haloo? Umekatika. Kuna wenzetu nini?

Mama Barafu: Juzi mchana lilikuja lori. Bwana mmoja wa miwani, shati jeupe, kauli laini kama sabuni. Anasema ametumwa na mkuu wako.

Fundi: [kimya]

Mama Barafu: Upo?

Fundi: Nipo.

Mama Barafu: Anasema wana samaki wa vidhibiti, wamekamatwa kwa wavuvi haramu, wanataka chumba changu cha baridi mpaka kesi isikilizwe. Washa mashine, mama, umeme juu yetu. Nami nikaona kreti zina rangi zenu, nikasema alhamdulillahi, angalau mashine ipate pumzi. Nikaita watu wa kupakua. Unadhani alikuja nani?

Fundi: Nani?

Mama Barafu: Baba Pacha.

Fundi: Baba Pacha kuli? Si alikuwa na boti mbili?

Mama Barafu: Boti bila nyavu ni kitanda cha kuku. Nyavu zake mlizichoma, si unakumbuka? Mkamsimamisha mbele ya watu, moshi mweusi, mkuu akahutubia, mkewe akaanguka. Mlisema matundu ya nyavu ni madogo kuliko sheria.

Fundi: Dada, mimi sichomi nyavu. Mimi nafunga injini.

Mama Barafu: Sijakulaumu bado. Baba Pacha kabeba kreti ya kwanza, kabeba ya pili. Ya tatu akaisimamisha pale mlangoni. Kaingiza mkono kwenye barafu, katoa boya.

Fundi: Boya gani?

Mama Barafu: Boya la wavu. La buluu, limezungushiwa mstari mweupe, na alama za meno ya wale pacha wake walipokuwa wanaota meno. Hakuna asiyelijua boya lile mji huu. Limenasa kwenye kipande cha wavu, kibichi, kinanuka maji ya leo. Wavu mliosema mmeuchoma, Kibiriti.

Fundi: Dada—

Mama Barafu: Basi nikafunua kreti nyingine. Samaki wale hawakukamatwa kwa mtu. Mashavu mekundu, macho yanakuangalia. Wamevuliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Wadogo, wengine na mayai tumboni. Wale wale tuliowafungia maji wazae.

Fundi: Baba Pacha alisema nini?

Mama Barafu: Kaweka boya kwapani, kaondoka. Hata ujira wake hakuuchukua. Mimi ningependa angetukana.

Fundi: Na huyo wa miwani aliona?

Mama Barafu: Aliona. Akatabasamu. Akaniomba simu yangu, eti ataitunza.

[Kelele za chuma kugongana.]

Fundi: Subiri. Usiseme kitu. [kimya] ...Ndiyo, mkuu! Bado kidogo tu, mkuu! Nakaza boliti! [kimya] Ameshaingia ndani. Endelea, polepole.

Mama Barafu: Kibiriti, hizo boti unazozifungia injini. Asubuhi zinarudi na nini?

Fundi: Usiniulize hilo kwenye simu.

Mama Barafu: Nakuuliza kama dada yako.

Fundi: Zinarudi na magamba, dada. Nikiuliza, naambiwa nitazame injini. Nami nina watoto.

Mama Barafu: Haya. Haya, tuyaache hayo.

Fundi: Watu wanajua?

Mama Barafu: Watu? Nikichungulia dirishani nawaona. Walianza kuja jana jioni, mmoja mmoja. Unajua mji ulivyo kimya sasa, mashine hii inasikika mpaka makaburini. Wamekaa juu ya boti zilizopinduliwa, wanauangalia mlango wangu. Wengine wamekuja na watoto. Hawapigi kelele, hawarushi jiwe. Nimewasalimia, hakuna aliyeitikia. Nimezaliwa hapa, Kibiriti. Hakuna aliyeitikia.

Fundi: Toka hapo! Pita mlango wa nyuma!

Mama Barafu: Nyuma pia wamekaa.

Fundi: Mungu wangu. Na yule wa miwani?

Mama Barafu: Asubuhi alikuja, akawaona, akapoteza ile sabuni yake. Kapanda lori, kaniambia, usifungue mlango, mimi namfuata mkuu, tunarudi na askari kukulinda.

Fundi: Alisema kukulinda?

Mama Barafu: Ndiyo. Nami nikajiuliza, wanilinde na nani? Na hao niliocheza nao rede utotoni?

Fundi: Dada, nisikilize. Yuko hapa. Lori lake liko getini. Kumbe ndicho alichokuja... [anapumua] Walipokuwa wanazungumza nilikuwa chini ya gari, hawakujua nipo. Mkuu kasema waite na wapiga picha.

Mama Barafu: Wapiga picha wa nini?

Fundi: Hawaji kukulinda. Wanakuja kukukamata.

Mama Barafu: [mashine inaunguruma nyuma yake]

Fundi: Dada?

Mama Barafu: Nimesikia. Sema tena.

Fundi: Samaki wamo chumbani kwako, mashine ni yako, na maji yamefungwa. Anayekutwa na ngozi ndiye mla nyama. Mkuu atasimama mbele ya kamera, atasema papa mkubwa amenaswa, mwanamke mwenye barafu, ndiye aliyekuwa anawatuma wavuvi kwa siri. Watu wenyewe watapiga makofi. Wana njaa, watataka mtu.

Mama Barafu: Na kreti zenu?

Fundi: Watasema uliziiba.

Mama Barafu: Kupitia kwa nani? Kupitia kwako. Wewe ndiye ndugu yangu aliyeko huko.

Fundi: Hilo nimelifikiria.

Mama Barafu: Wanakuja saa ngapi?

Fundi: Gari likishawaka. Ni mwendo mfupi tu.

[Mtandao unakwaruza.]

Mama Barafu: ...nitafungua.

Fundi: Nini?

Mama Barafu: Nitafungua mlango. Sasa hivi, kabla hawajafika. Waingie waone. Nitamwita Baba Pacha kwa jina lake, asimame mbele na boya lake, nifunue kreti moja moja.

Fundi: Watakukanyaga! Watu wenye njaa na chumba kimejaa samaki? Hawatasubiri maelezo yako, dada!

Mama Barafu: Pengine.

Fundi: Na ukigawa samaki, umeharibu vidhibiti, utafungwa!

Mama Barafu: Nisipofungua ninafungwa, nikifungua ninafungwa. Angalau nichague nani anione. Babu! Babu, njoo ushike ufunguo huu—hapana, ule mkubwa—

Fundi: Dada, ngoja kwanza. Ngoja—

Mama Barafu: La kuvunda halina ubani, mdogo wangu. Mimi nilichohitaji ni muda tu. Wakinikuta nimesimama peke yangu na hizi kreti, kwisha habari. Wakikuta mji mzima umeshaona, hiyo picha yao watampiga nani?

Fundi: Unataka muda kiasi gani?

Mama Barafu: Muda wa watu kupita mlango mmoja. Kwa nini?

Fundi: Basi tu.

Mama Barafu: Kibiriti. Unafanya nini?

Fundi: Ninakaza boliti.

Mama Barafu: Unakaza au unalegeza?

Fundi: Fungua mlango, dada.

[Mlango wa chuma unaburuzwa. Upepo unaingia kwenye simu.]

Mama Barafu: Nimefungua. [kwa sauti kubwa, mbali na simu] Baba Pacha! Njoo! Njoo na boya lako! Wengine pia, karibuni, mwingie mwone mlichofungiwa maji! [kwenye simu] Wamesimama. Wamesimama wote kwa pamoja, mdogo wangu. Hawasogei.

Fundi: Sogea pembeni ya mlango. Usikae katikati.

Mama Barafu: Baba Pacha anakuja. Peke yake. Ana boya begani kama mtoto. Amepita hapa karibu yangu, hakuniangalia. Amefunua kreti... Amemwinua samaki mmoja, anawaonyesha. Ana mayai, yanamdondoka vidoleni. Ee Mola. Mama Pacha analia.

Fundi: Wengine?

Mama Barafu: Wanaingia. Pole pole, kama wanaoingia msibani. Yule kinyozi amenishika mkono. Kibiriti, amenishika mkono!

Fundi: Afadhali. Afadhali, dada.

Mama Barafu: Mbona sauti yako imekuwa hivyo?

Fundi: Wako kwenye gari. Mkuu, yule wa miwani, na askari nyuma. Wanajaribu kuwasha.

Mama Barafu: Na?

Fundi: Haliwaki.

Mama Barafu: Wewe!

Fundi: Kuna kijidude kidogo. Bila hicho gari ni banda la kuku. Nimekitupa majini sasa hivi, hata bata hawezi kukiokota.

Mama Barafu: Na lori?

Fundi: Lori ndilo nililoanza nalo.

Mama Barafu: Ondoka hapo. Pita kwenye ukuta, kimbia, njoo huku kwenye watu.

Fundi: Nikikimbia watajua. Wanasukuma sasa... Mkuu ameshuka. Anatazama huku na huku.

Mama Barafu: Kibiriti, nakuomba. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, nakuomba.

Fundi: Fundi hapa ni mimi peke yangu, dada. Wataniita nikalitazame. Nitafungua boneti, nitajikuna kichwa, nitaomba spana... kila dakika ni ya kwako. Watoto waangalie.

Mama Barafu: Wangu au wako?

Fundi: Wangu. Wanaita. Kwaheri, dada, usipige tena namba hii—

Mama Barafu: Usikate! Weka simu mfukoni, usikate!

[Kitambaa kinasugua simu. Sauti ya Fundi inatoka mbali.]

Fundi: Naam, mkuu! ...Nakuja, mkuu. ...Lilikuwa zima, mkuu, hata mimi nashangaa. ...Hapana, sikuwa naongea na mtu. ...Peke yangu. Naimbaga nikifanya kazi. [kimya] Mfukoni? Mfukoni ni simu tu, mkuu. ...Mkuu, taratibu, mkono—mkuu—

[Simu inahamia mkononi mwa mwingine. Mtu anapumua.]

Mama Barafu: Kibiriti? [kimya] Wewe si Kibiriti. [kimya] Hujambo, mkuu. Ni mwenye barafu hapa. Usihangaike na gari, mlango nimeshaufungua. Watu wote wamo ndani, wameona kreti zenu, na mwenye wavu yuko hapa na boya lake. Huyo kijana aliye mbele yako ana dada, mkuu, na sasa nawatangazia watu wote hapa kwamba yuko mikononi mwako. Mnasikia jamani? Yuko mikononi mwa mkuu, hai, mzima, hana hata mchubuko! Jioni tutakuja kumchukua kwa miguu, sote, na tukimkosa—

[Salio limekwisha.]